Nuru Mpya, Mlima Ule Ule

Mwanamume mwenye ndevu za kusuka anakwea mlima kabla ya mapambazuko, amebeba kitoto kichanga. Njiani anakisemesha, kana kwamba kinaelewa, juu ya kabila lililowatenga wote wawili na juu ya jina kitakalopewa wakifika. Jua linapochungulia, jina linapaazwa: Aloy. Kabila lao, Wanora, huabudu wakiuelekea mlima wanaoamini kuwa ni makao ya Mama wa Wote. Mchezaji aliyelelewa Nyeri hana haja ya kuelezwa tendo hilo. Wazee wake nao walisimama chini ya mti wa mugumo wakainua mikono kuelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, na kitabu cha Jomo Kenyatta cha mwaka 1938 kilipata jina lake kutokana na desturi hiyo hiyo ya kuukabili mlima.

Gemu yenyewe ni Horizon Zero Dawn. Iliundwa na Guerrilla, studio ya Amsterdam, ikatoka tarehe 28 Februari 2017 kwa ajili ya PlayStation 4, na kufikia mwishoni mwa 2021 ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 20. Ni bunilizi ya kisayansi: miaka elfu moja ijayo watu wanawinda kwa upinde na mishale, huku nyikani zikizurura roboti zenye maumbo ya farasi, mamba na twiga. Tarehe 31 Oktoba 2024 ikarudi ikiwa imekarabatiwa na Nixxes, mafundi wa mji wa Utrecht katika nchi ile ile ya Uholanzi. Wengi waliuliza kwa nini gemu ya miaka 7 tu ipelekwe kwa fundi. Swali lilikuwa la haki, maana toleo la kwanza bado linapendeza macho. Jibu limo katika kazi yenyewe, na kazi hiyo inastahili sifa zake peke yake, kwa kuwa waliobuni hadithi hutajwa kila mahali na waliokarabati hupitwa kimya.

Kukarabati na kujenga upya ni mambo mawili, na Nyeri ina mfano wa kila moja. Treetops, hoteli ya msitu wa Aberdare, ilianza 1932 ikiwa vyumba viwili juu ya mugumo. Huko ndiko alikolala Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, usiku ule wa Februari 1952 babake alipofariki. Mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, hoteli iliteketezwa. Iliyosimamishwa 1957 ilikuwa jengo jingine kabisa, kubwa zaidi, ng'ambo ya pili ya dimbwi wanapokunywa wanyama. Kilichohamia huko ni jina. Paxtu ni habari tofauti. Hicho ni kijumba kilichojengwa 1938 katika uwanja wa hoteli ya Outspan, alimoishi Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, hadi alipofariki Januari 1941, kisha akaishi humo mwindaji Jim Corbett, na hadi leo mgeni anayeingia anaingia katika nyumba ile ile. Ulimwengu wa gemu nao una Treetops zake, kama Resident Evil 4 ya 2023, iliyojengwa upya tangu msingi. Horizon ya 2024 ni Paxtu. Hadithi haikuguswa, sauti za waigizaji hazikuguswa, na kila jabali liko pale lilipokuwa.

Chukua mazungumzo. Katika toleo la 2017 watu wawili wakizungumza walisimama kama waliokuja kupigwa picha ya kitambulisho: mabega hayasogei, mikono imening'inia, macho yametumbuliwa. Maneno yalikuwa mazuri, na Ashly Burch, aliyempa Aloy sauti, aliyatamka kwa hisia, ila miili haikuwa na habari na kilichokuwa kikisemwa. Nixxes waliligundua hilo kuwa ndilo donda la gemu nzima, wakarudi kwenye ukumbi wa kunasa mwendo, ambako mwigizaji huvaa vazi lenye alama zinazosomwa na kamera. Zaidi ya saa 10 za mazungumzo zikaigizwa upya kwa mwili. Ugumu wake si mdogo. Sauti ilikwisha kurekodiwa miaka kadhaa nyuma, kwa hiyo mwili mpya ulipaswa kuifuata, usiitangulie wala usichelewe, na kifua kipande pale mtamkaji wa zamani alipovuta pumzi. Sasa baba anayemwomba Aloy amtafutie binti yake huhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Mkono hunyanyuka kabla ya neno, jinsi mikono ya watu ifanyavyo. Aliyeicheza gemu zamani anaweza asitambue kilichobadilika. Atahisi tu kwamba safari hii anamwonea huruma mzee yule.

Kisha nuru, na hapa watu wa miji ya Mlima Kenya wana haki ya kuwa waamuzi wakali. Anayeamka Nyeri mjini anajua kwamba mlima una saa zake. Alfajiri jua huchomoza nyuma yake, na kilele cha Batian, mita 5,199, huonekana cheusi kama kilichokatwa kwa mkasi. Kufikia saa nne mawingu huwa yamekifunika. Kikirudi, hurudi jioni baada ya mvua, na jua la magharibi hukipaka rangi ya waridi kwa dakika chache. Mtu wa Chuka, upande wa pili, anauona mlima huo huo ukiwaka asubuhi na kugeuka kivuli jioni. Macho yaliyozoea hesabu hiyo hayadanganywi kwa urahisi na jua la kompyuta.

Toleo la Nixxes linafaulu mtihani huo kwa sehemu kubwa. Nuru ya asubuhi inapopita nyuma ya kichwa cha Aloy, nywele zake nyekundu zinashika moto kandokando huku uso ukibaki ndani ya kivuli laini, nao ukungu wa bondeni unakuwa mzito chini na mwepesi juu, kama ule unaopanda kutoka mto Chania. Theluji inabonyea chini ya mguu na kuacha njia; mchanga vilevile. Mijini, watu wameongezeka, nao wana la kufanya: wanaketi, wanaegemea, wanashughulika. Kasoro ipo. Mara nyingine mafundi walimpendelea mno shujaa wao, na Aloy akizungumza pangoni uso wake hung'aa kuliko mienge inayomzunguka. Hata hivyo kosa la kuuangaza mno uso wa mtu anayesema linasameheka upesi kuliko lile la 2017 la kuuacha kama kinyago.

Kazi kubwa zaidi, na isiyotambulika kwa haraka, imefanywa kwenye majani. Anayetaka kuicheza gemu bila kujua siri zake na airuke aya inayofuata.

Dunia ya Aloy iliwahi kufa. Katika miaka ya 2060 roboti za kivita za tajiri Ted Faro zilikataa amri, zikaanza kula kila kilicho hai. Mwanasayansi Elisabet Sobeck alijua kwamba ushindi hauwezekani, hivyo akabuni GAIA, akili ya kompyuta itakayoiotesha dunia tena baada ya kila kiumbe kutoweka. GAIA ana wasaidizi 9, kila mmoja na kazi yake: huyu hewa, huyu maji, huyu wanyama. Msikilizaji wa Kigĩkũyũ atawakumbuka Mumbi na mabinti zake kenda, chimbuko la koo. Haielekei waandishi wa gemu walikuwa na habari za simulizi hiyo walipoandika hayo, na hiyo ndiyo raha ya mfanano wenyewe. Msaidizi wa mimea anaitwa DEMETER. Yeye ndiye aliyerudisha nyasi, maua na misonobari.

Nyeri ilimtoa mwanamke aliyefanya kazi ya DEMETER kwa mikono. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe mwaka 1940, na tangu 1977, kupitia Green Belt Movement, aliwafundisha akina mama wa vijijini kukusanya mbegu, kuotesha miche na kuihudumia hadi isimame. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu alitengeneza filamu juu ya maisha yake, na mwaka huo huo akatoa Pumzi, filamu fupi ya kisayansi ambamo msichana Asha anatoroka jiji lililofungwa, akabeba mche mmoja kuupeleka jangwani. Jiji hilo linaitwa Maitu, neno la Kigĩkũyũ la mama. Atakayeitazama Pumzi kisha akakaa chini kuicheza Horizon ataona kwamba hadithi hizi mbili zilikuwa zikizungumza muda wote, moja ikitoka Kenya, nyingine Uholanzi. Ndiyo maana si jambo dogo kwamba fundi wa Utrecht alitumia siku zake kwenye nyasi. Katika gemu nyingine yoyote jani ni pambo. Katika hii, jani ndilo jambo lenyewe linalopiganiwa, na lilistahili kuyumba vizuri upepo unapopita na kujitenga Aloy anapolipenya.

Kazi hiyo haikufika Nyeri kwa njia iliyonyooka. Toleo la kompyuta lilipotoka lilidai kila mchezaji awe na akaunti ya PlayStation Network, na Kenya haimo katika orodha ya nchi zenye huduma hiyo, kwa hiyo kwenye duka la Steam gemu haikuuzwa kwa Wakenya. Sharti lilitangazwa kulegezwa Januari 2025. Kwa PlayStation 5, wachezaji walifanya walivyozoea: akaunti iliyoandikishwa kwa nchi nyingine, kadi ya malipo iliyonunuliwa Nairobi, au diski iliyosafiri kwa matatu. Bei yake kamili ilikuwa karibu dola 50, yaani shilingi 6,500 hivi. Mwenye toleo la zamani alilipa dola 10 tu, na huo ulikuwa uungwana wa kweli kwa aliyekwisha kununua mara moja.

Kwenye vibanda vya gemu vya mjini haichezwi sana. Vibanda huishi kwa kandanda, mechi baada ya mechi, hela ikitolewa kabla ya firimbi, na hadithi ya saa 30 haina mahali kwenye foleni hiyo. Horizon huchezwa nyumbani, Jumamosi ya mvua ya Aprili, mmoja ameshika padi na watatu wamebanana nyuma yake wakibishana ni kiungo kipi cha Thunderjaw, lile dubwana la chuma, king'olewe kwanza. Jibu, kwa anayelihitaji, ni mitambo ya kurushia visahani iliyo mgongoni. Ikidondoka, Aloy anaweza kuiokota na kuligeuzia dubwana lenyewe.

Kuna tendo moja katika hadithi hiyo linalouma kuliko vifo vyote (aliyeiruka aya ya siri na airuke hii pia). Miongoni mwa wasaidizi wa GAIA alikuwamo APOLLO, ghala la kila kitu wanadamu walichojua, aliyekusudiwa kuwafundisha watoto wa dunia mpya. Ted Faro alimfuta. Ndiyo sababu watu wa Aloy wanaishi kati ya magofu wasiyoweza kuyasoma.

Gemu zenyewe zinafutika namna hiyo, bila hata ya Faro. Mwaka 2023 Video Game History Foundation, shirika la Marekani, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Ukarabati ni dawa, ingawa si dawa safi: Horizon mpya ilipokaribia, toleo la awali la kompyuta liliondolewa kwenye Steam. Hilo lilikuwa kosa. Fundi akishamaliza kushona upya, nguo ya zamani nayo iwekwe mahali inapoweza kuonekana, la sivyo mjukuu atajuaje kilichoshonwa?

Kenya ina ya kwake ya kuhofia. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, miongoni mwa gemu za kwanza za pande tatu kuundwa katika nchi hii, na shujaa wake alikuwa mwanamke, miaka 10 kabla ya Aloy. Miaka miwili baadaye yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts. Mwaka 2015 Black Division Games wakatoa Nairobi X, ambamo viumbe wa sayari nyingine wanauvamia mji mkuu na mchezaji anapigana nao barabara kwa barabara. Hizi ni kazi za mikono ya watu wachache, kwa mashine za wakati ule. Simu na kompyuta hubadilika kila mwaka, na kila badiliko huwaacha nyuma Nyangi na wenzake, hatua moja mbali zaidi na mtu anayetaka kuwaona.

Kilomita chache kutoka Nyeri mjini kipo chuo kikuu cha teknolojia cha Dedan Kimathi, na ndani ya uwanja wake kampuni ya Semiconductor Technologies inatengeneza chipu. Wanafunzi wanaosomea kompyuta pale walikuwa watoto wa kubebwa mgongoni Nyangi ilipotoka, wengine hawajazaliwa. Mmoja wao akipata nakala ya gemu hiyo, kazi ya kwanza itakuwa ya kawaida tu: kutafuta mashine kuukuu inayoweza kuifungua, kuandika orodha ya faili zilizomo, kisha kumpigia simu aliyeiunda na kumwuliza jua la kule mwanzo alilikusudia liwe la rangi gani.