Cha Kukata na Cha Kuacha

Historia ya muziki wa Kenya huandikwa kwa majina ya waliopiga magitaa na ya wenye studio waliowalipa, au waliowapunja. Fundi wa redio hayumo. Hatajwi hata pembezoni, ingawa katika mitaa ya Nairobi kama Kawangware na Kibera yeye ndiye aliyeamua, tangu kaseti zilipoenea miaka ya 1970 hadi simu zilipozifukuza, wimbo gani uendelee kulia na kwa sauti ipi. Kanda ikipendwa huchezwa, ikichezwa sana huchakaa, na ikishachakaa hupelekwa kibandani kwake pamoja na lawama zote za mwenyewe. Kwa maoni yangu fundi huyu ni mhariri, tena mhariri wa hali ya juu, na ustadi wake unapaswa kupimwa kwa kile alichokubali kipotee.

Tuangalie kwanza namna kanda inavyochakaa, maana hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanzia. Kaseti iliyotolewa na Philips mwaka 1963 ina utepe wa upana usiofika milimita 4, nao hupita mbele ya kichwa cha redio kinachosoma sauti kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Kwa mwendo huo wa kinyonga, wimbi moja la sauti nyembamba ya hezi 10,000 hupata nafasi ya chini ya sehemu 5 kati ya 1,000 za milimita. Chembe nyingi za vumbi la Kawangware wakati wa kiangazi ni kubwa kuliko hapo. Utepe ukiinuliwa na chembe kama hiyo, au unga wa chuma ulioushika wimbo ukipukutika, sauti nyembamba hutoweka kwanza na nzito husalia. Ndiyo sababu kanda ya muziki wa benga iliyochezwa kupita kiasi hubaki na besi na mwimbaji, huku matoazi yamekuwa mvumo tu na gitaa la solo limekufa ganzi. Na msikilizaji hachakazi kanda kwa usawa. Yule anayempenda mwanabenga D.O. Misiani hurudisha nyuma palepale magitaa yanapoachwa peke yao na wimbo kushika kasi, akasikiliza, akarudisha tena. Kila kurudisha kunauvuta utepe na kuusugua. Kwa hiyo mahali panapopendwa kuliko pote ndipo panapotangulia kuharibika, na fundi anayeipokea kanda anaweza kujua, kabla ya kuuliza neno, mwenyewe anapenda nini.

Vifaa vyake ni vichache mno: bisibisi ndogo, pamba, spiriti, wembe, selotepu, na kalamu ya Bic ambayo pembe zake sita hushika vizuri meno ya kaseti. Mengi anayotengeneza hayamo hata ndani ya kaseti. Wimbo unaolia polepole kama wa mlevi huenda una belti iliyolegea ndani ya redio, au betri zilizochoka ambazo mwenyewe amezianika juani asubuhi akitumaini zitafufuka. Redio inayomeza kanda mara nyingi ina kigurudumu cha mpira kilichojaa uchafu. Lakini kazi inayotenganisha fundi na mbabaishaji ni ile ya skrubu ndogo iliyo kando ya kichwa. Ukiizungusha, kichwa huinama kidogo sana, na ghafla gitaa lililokuwa limefunikwa blanketi hutoka nje. Hakuna kipimo. Fundi huinamisha sikio kwenye spika, bisibisi mkononi, azungushe nusu ya robo, arudi nyuma, aende tena mbele, mpaka matoazi yanapokuwa makali kadiri yanavyoweza. Shida ni kwamba kanda nyingi za mitaani zilinakiliwa kwa mashine ambazo vichwa vyake vilikuwa vimeinama upande. Ukipanga kichwa kikubaliane na kanda hiyo moja, zile kumi zilizobaki nyumbani zitafifia. Fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo mapema na kumtaka achague. Huu ni uamuzi wa kisanaa, hata kama umefanyika kwenye kibanda cha mabati kando ya Naivasha Road huku makanga wa matatu za namba 46 wakiita abiria.

Utepe ukikatika, uamuzi huwa mgumu zaidi. Kipande kilichokunjamana ni lazima kitolewe, na kila sentimita 5 zinazotupwa ni zaidi kidogo ya sekunde moja ya wimbo. Mtu asiyejua ataona sekunde moja si kitu. Lakini kaseti ina pande mbili zilizoandikwa kwenye utepe uleule, moja ikienda mbele na nyingine ikirudi. Ukikata mwanzoni mwa upande A, umekata pia mwishoni mwa upande B. Kwa hiyo fundi makini hushika wembe baada ya kusikiliza pande zote mbili, akatafuta mahali ambapo pigo la ngoma litaficha kiungo upande huu bila kumkata mwimbaji katikati ya jina la mpenzi wake upande ule. Halafu hukata kwa mshazari, ili kiungo kipite mbele ya kichwa kidogo kidogo badala ya kugonga kwa kishindo. Selotepu hubandikwa kwa mgongo, kamwe si upande unaogusa kichwa, na kingo zake hupunguzwa kwa wembe kwa sababu gundi ikivuja italiharibu tabaka la utepe linalofuata. Yote haya kwa ujira mdogo sana. Katika studio kubwa za Ulaya, mtu aliyefanya kazi hiyohiyo kwa wembe na utepe wakati mwingine aliandikwa jina nyuma ya jalada.

Kuna watakaosema ninamsifu mshirika wa wizi. Hoja hii ina uzito. Vibanda vingi vya mafundi vilikuwa na deki ya kaseti mbili, na aliyeleta redio angeweza kuondoka na nakala ya bendi ya Super Mazembe au Les Wanyika bila wanamuziki kuona hata ndururu. Wengi wao walizeeka maskini, na kunakili kulichangia. Sitetei hilo. Ila kunakili na kutengeneza ni kazi zinazovutana. Mwenye nakala ya bei rahisi ikiharibika huenda kutafuta nakala nyingine. Anayelipa fundi aiunge ileile huwa ameshika kitu kisichopatikana tena. Nyimbo nyingi za Kiluhya, ambazo Kawangware yenye wakazi wengi kutoka magharibi ilizisikiliza kwa hamu, zilikuwa na soko dogo, zikatolewa mara moja zikaisha. Kwa kanda kama hizo hapakuwa na duka la kukimbilia.

Wengine watasema wakati umepita: wimbo ulio kwenye simu hauchakai hata ukichezwa mara elfu, na ni unafiki kusifu ufundi uliozaliwa na dhiki. Hakuna aliyewahi kupenda mikwaruzo, nakubali, na siiimbii sifa. Lakini sikilizeni benga ya zamani inayozunguka mitandaoni. Baadhi iko chini ya sauti yake halisi kwa sababu ilihamishwa kutoka mashine yenye belti iliyolegea. Nyingine inaruka pigo moja mahali ambapo wembe ulipita. Wimbo ambao vijana wanaufahamu leo kama wimbo asilia ni ule ambao fundi fulani aliuacha, vyema au vibaya, na simu imeugandisha hivyo daima.

Hata hoja ya kwamba kumbukumbu bora ni ile isiyoguswa hainishawishi. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri zake zilichezwa kwa sindano za chuma zilizokula mifereji kila mara. Sauti yake hutufikia kupitia mchakato huo wa kuliwa, lakini nyimbo zenyewe zilibaki vinywani mwa watu wa pwani kwa kuwa santuri hizo zilichezwa. Santuri zilizofungiwa sandukuni zingetupa sauti safi ya mwimbaji asiyejulikana.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaohifadhi muziki huu, wakiwemo Ketebul Music waliofuatilia chimbuko la benga mwaka 2008 na wakusanyaji wanaochakura mabunda ya kanda na santuri katika masoko ya Toi na Kenyatta. Mnapoihamisha kanda kwenye kompyuta, msifute kiungo kwa programu kana kwamba hakikuwahi kuwapo. Andikeni utepe umeungwa dakika ya ngapi, kasi imerekebishwa kiasi gani, na kichwa kilipangwaje. Na pale jina la fundi linapojulikana, naye akiridhia, liwekeni mara baada ya la mpiga besi.