Jani la Isale na Mti Unaoombwa Ruhusa

 

Ndugu zetu wa Kilema, katika miteremko ya Kilimanjaro upande wa Vunjo, wametufikishia mas-ala ambayo tumeona si ya watu wawili tu. Mzee mmoja, Mwislamu mwenye kuswali, aligombana na mdogo wake juu ya mpaka wa kihamba walichorithi. Miaka ikapita hawasalimiani, hawazikani. Kisha mdogo mtu akajirudi. Akachuma jani la isale, akalifunga fundo, akalipeleka kwa kaka yake kupitia kwa mjomba wao, kama ilivyo ada ya Wachagga mtu anapoomba msamaha. Mzee moyo ukamlainika. Lakini kwa kuchelea dini yake akaenda kwanza kuuliza msikitini, akajibiwa kuwa hiyo ni shirki iliyo wazi, asiliguse jani hilo, alirudishe lilikotoka. Akalirudisha. Na kwa Mchagga, kurudisha isale si jambo dogo: ni kusema kuwa sisi na nyinyi basi. Mpaka tunaandika haya ndugu hao hawajasemezana.

Jibu hilo ndilo tunalotaka kulipitia. Hatumdharau aliyelitoa, kwani aliona mti, akakumbuka hatari ya miti, akaogopa. Hofu juu ya tawhidi ni jambo jema. Lakini wanazuoni wetu wa usuli wametufundisha kuwa hukumu ya kitu hutanguliwa na kukifahamu kitu chenyewe, na hapa tunahofu kuwa hukumu ilitangulia.

Isale ni nini? Ni mmea wa jamii ya dracaena, majani yake marefu ya kijani, hauhitaji matunzo makubwa, ukichomekwa tawi hushika. Wachagga wameupanda tangu zamani kuonyesha mpaka baina ya kihamba na kihamba. Wanaupanda walipozikwa wazee wa ukoo. Na jani lake hubebwa kuomba radhi na kusuluhisha. Basi mmea mmoja una kazi tatu, na mwenye kutoa fatwa kwa neno moja juu ya kazi zote tatu amejirahisishia.

Tuanze na mpaka, maana ndiyo nyepesi na ndiyo iliyowagombanisha ndugu hawa. Imepokewa katika Sahihi Muslim kutoka kwa Ali bin Abi Talib (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) ametaja laana ya Allah kwa watu wanne, na miongoni mwao ni mwenye kubadilisha alama za ardhi. Isale la mpakani ni alama ya ardhi. Kuling'oa usiku na kulisogeza hatua mbili ndani ya kihamba cha ndugu yako ndiko kunakotisha, na Mwislamu akiliona limesimama mpakani anapaswa kuliheshimu kwa amri ya Mtume wake. Msomaji azingatie pia kuwa katika hadithi hiyo hiyo amelaaniwa mwenye kuchinja kwa ajili ya asiyekuwa Allah. Mpaka wa shamba na mpaka wa tawhidi vimewekwa pamoja, na tutairudia hadithi hii mbele.

Sasa jani la msamaha. Aliyelikataza alitoa hoja ya Dhat Anwat, nayo ni hadithi sahihi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Abu Waqid al-Laythi (r.a.). Masahaba waliokuwa wageni katika Uislamu, wakielekea Hunayn mwaka wa 8 Hijria, walipita kwenye mkunazi, wakamwomba Mtume (s.a.w.) awawekee mti kama ule wa washirikina wa kutundikia silaha. Akawakemea, akawalinganisha na Bani Israili walipomwomba Musa (a.s.) awafanyie mungu. Hoja ni nzito. Lakini washirikina wale walitaka nini kwa mti ule? Walitaka baraka na ushindi. Silaha zilitundikwa ili mti uzitie nguvu. Je, mdogo wa mzee wetu alitaka nini kwa lile jani? Hakuliomba kitu. Alimwomba kaka yake. Jani lilikuwa ulimi wake, kwa sababu aibu ilimzuia kusema kwa mdomo. Atakayesema kuwa kila alama ya namna hii ni shirki, atuambie na hukumu ya bendera nyeupe.

Hata hivyo hatutaki kumdanganya msomaji. Ipo itikadi, na wazee wa Kilema wenyewe hawaifichi, kuwa anayekataa isale atapatwa na balaa: ng'ombe wake watakufa, watoto wataugua, kwa sababu jani lina nguvu au wahenga wanalisimamia. Hapo ndipo ilipo sumu. Mwenye kupokea jani kwa kuogopa jani, amemwogopa asiyedhuru wala kunufaisha. Lakini je, dawa ya itikadi mbovu juu ya sulhu ni kuivunja sulhu?

Tutazame namna sharia ilivyofanya. Qasama, yaani utaratibu wa viapo hamsini pale mtu anapokutwa ameuawa na muuaji hajulikani, ulikuwa wa zama za Jahiliyya. Katika Sahihi Muslim imethibiti kuwa Mtume (s.a.w.) aliuacha kama ulivyokuwa, na akahukumu kwao. Hakuutupa kwa kuwa umetoka kwa washirikina. Aliusafisha viapo vyake vikawa kwa Allah peke yake, akauchukua kwa kuwa unazuia damu. Mafakihi wakajenga juu ya mifano ya namna hiyo ile kanuni mashuhuri kuwa ada huhukumu, maadamu haikupingana na matini. Na suluhu baina ya watu ina matini zake: Suratun Nisaa aya ya 128 inaitaja suluhu kuwa ni bora, na Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Abu Dardaa (r.a.) kuwa kupatanisha watu kuna daraja iliyo juu kuliko swaumu, swala na sadaka, yaani za sunna. Na si halali Mwislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu. Mzee wetu amehama miaka, kisha tukamwongezea.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba jani la isale, likiwa ni alama ya kuomba radhi, linaingia katika mlango wa ada. Yanayoambatana nalo ndiyo ya kuchujwa, na hapo aliyeulizwa angekuwa na kazi ya maana ya kufanya. Mbege haingii, kwa kuwa ni kilevi. Kisusio hakiingii, kwa sababu ya damu iliyomo, na damu imeharamishwa kwa aya. Mbuzi akichinjwa kwa jina la Allah ili watu wale na wapatane, ni karamu, akichinjwa na kunenewa wahenga wa ukoo wapokee, basi tumerudi kwenye hadithi ya Ali (r.a.) na laana yake. Mzee angefundishwa kusema mbele ya ndugu zake wote: nimelipokea jani hili kwa ajili ya Allah na kwa ajili ya udugu wetu, nalo lenyewe halina wema wala ubaya. Maneno hayo mbele ya ukoo mzima, wenye dini mbalimbali, yangekuwa darsa ya tawhidi kuliko hotuba nyingi. Fursa hiyo imepotea.

Tuseme na hili, ingawa litawauma baadhi yetu. Kilema si mahali pageni kwa Waislamu. Johannes Rebmann alipofika huko mwaka 1848, wa kwanza kutoka Ulaya, aliongozwa na Bwana Kheri, Mwislamu wa Mombasa aliyekuwa akiijua njia ya bara. Misafara yetu ilitangulia. Lakini waliokaa ni wamisionari wa Kikatoliki, tangu mwanzo wa miaka ya 1890, na waliokaa chini wakauliza wazee na kuandika mila na sheria za Wachagga ni wengine: Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza, kitabu chake kilitoka 1924, na Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri, 1926. Hatusemi waliyoyaandika yote ni sawa. Tunasema waliuliza. Sisi tuliokuja na kahawa ya kunywa na shanga za kuuza hatukuacha hata risala moja ya fiqhi juu ya kihamba, isale na tambiko.

Na wakati tunapigana na jani, yuko mtu anayepita pembeni bila kuguswa. Huyo ni mganga. Utamkuta Moshi mjini kama utakavyomkuta Tanga au Mombasa, na mara nyingi ana kofia na tasbihi. Kabla ya kuchimba mizizi huusemesha mti. Huutaja kwa jina, huuambia amekuja kuuchukua kwa ajili ya mgonjwa fulani bin fulani, huuomba ruhusa, huweka sarafu shinani kama malipo ya mwenyewe. Ukimuuliza mwenyewe ni nani, atakwambia mti una ruhani wake, na asiporidhishwa dawa haifanyi kazi. Huko pwani mbuyu hufungwa vitambaa na kunyunyiziwa marashi kwa sababu hiyo hiyo. Na siku hizi wapo vijana waliosoma wanaoyaita haya elimu ya asili ya kuishi na mimea, kana kwamba jina jipya hubadilisha hukumu.

Hapa ndipo Dhat Anwat inapostahili kusomwa. Huyu anauomba mti. Anamlipa asiyeonekana. Suratul Jinn, aya ya 6, inawataja watu waliokuwa wakijikinga kwa majini wakawazidishia upotovu, nayo ndiyo sifa ya mwenye kutoa sarafu shinani ili ruhani amkubalie.

Mganga msomi ana hoja zake, nasi tumezisikia. Ya kwanza ni Nabii Suleiman (a.s.): husema kuwa kila siku mmea mpya ulimea katika mihrabu yake, akauuliza jina lako nani na unafaa kwa nini, nao ukamjibu, mpaka siku mharubu ulipomwambia kuwa umekuja kwa kubomoka kwa nyumba ile. Kisa hiki kimo katika tafsiri, kwa Ibn Jarir na wengineo. Ibn Kathir alipofika Suratu Sabaa aya ya 14 alikitaja, kisha akabainisha kuwa kukinasibisha kwa Mtume (s.a.w.) kuna ugeni na unakara, na kwamba kimechukuliwa kwa Ahlul Kitab. Na hata tungekikubali, Suleiman aliomba ufalme usiomstahikia yeyote baada yake. Mganga wa stendi ya Moshi ameurithi lini?

Hoja ya pili ni aya zinazosema kuwa miti inasujudu na kila kitu kinamsabihi Allah. Ni kweli. Gogo la mtende lilimlilia Mtume (s.a.w.), na hilo limo katika Bukhari. Lakini aya ya 44 ya Suratul Israa inaendelea kusema kuwa hatuzifahamu tasbihi zao. Mti kuwa mja wa Allah ni sababu ya kutouomba, kwani mja haombwi kilicho cha Bwana wake.

Asidhani mtu kuwa tunapinga dawa za miti. Habasoda imetajwa na Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Dawa ya mseto ya malaria, iliyoanza kutumika rasmi nchini kwetu 2006, asili yake ni mmea wa Artemisia, na hakuna aliyeuomba ruhusa. Vidonge vinamponya mwenye kuswali na asiyeswali. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, na mchuma mizizi anayeijua kazi yake ni mtu wa kuheshimiwa. Alama ya hatari ni pale dawa inapofungwa kwa mtu au kwa siri badala ya kufungwa kwa mmea. Tuliliona Loliondo mwaka 2011. Maelfu walipanda hadi Samunge kunywa kikombe cha mugariga kwa shilingi 500, na wengine wakafia njiani na kwenye foleni. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki 2021, alisema ameoteshwa na Mungu, na kwamba dawa inaponya ikitoka mkononi mwake tu. Mti ule ule ukichemshwa na jirani yake haukuwa dawa. Waislamu nao walipanda magari, na sauti za kukataza kwenye mimbari zilikuwa chache kuliko zinazokataza isale.

Limebaki isale la kaburini, na hapa tutapita upesi kwa kuwa ikhtilafu yake ni ya zamani. Mtume (s.a.w.) aliweka vipande vya kuti bichi juu ya makaburi mawili, na Burayda (r.a.) akausia awekewe mawili. Al-Khattabi aliona hilo ni la Mtume pekee. Ibn Hajar al-Haytami na wenzake katika madhehebu yetu ya Shafii wakaona ni sunna. Anayepanda kijani kibichi kaburini kwa kufuata rai hiyo, au kwa kulitambulisha kaburi, hatumkatazi. Anayekipanda ili akae nacho akinena na waliokufa, amekwenda alikokwenda mganga.

Ama mzee wetu wa Kilema, asingoje jani la pili. Hakuna ada inayomzuia mkubwa kutangulia. Aende yeye kwa mdogo wake, na mjomba awepo, wapite pamoja mpakani wayahesabu masale yaliyopandwa na baba yao, na lililosogezwa lirudishwe mahali pake. Wallahu a'lam.