Seva ya Barua Pepe Gudele: Mlango Nje, Ghala Ndani

Mkongo wa mawasiliano ulifika Juba Februari 2020, Liquid Telecom ilipouvusha kutoka Uganda, na wapo waliodhani kuwa tatizo la intaneti mjini humo limebaki kuwa la bei tu. Ukielekea magharibi hadi Gudele, hali ni nyingine. Ofisi ndogo huko, iwe shule, zahanati au shirika la watu kumi na tano, mara nyingi hutegemea laini ya simu iliyochomekwa kwenye ruta, pamoja na umeme wa sola au jenereta inayozimwa jioni. Ofisi ya namna hiyo inaweza kabisa kuendesha seva yake ya barua pepe, mradi iigawe mara mbili: mlango wa kupokelea barua ukae nje, kwenye seva ya kukodi isiyozimika, na ghala la barua likae Gudele. Ukiviweka vyote viwili chumba kimoja nyuma ya laini ya simu, mradi utakufa mapema.

Barua pepe yenyewe haikuundwa kwa kutegemea laini isiyokatika. Kanuni za SMTP, itifaki inayosafirisha barua pepe, ziliandikwa 1982, na toleo lake la 2008, RFC 5321, linaitaka seva iliyoshindwa kufikisha barua isubiri angalau dakika 30, ijaribu tena, na isikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Afrika Mashariki iliishi na ustahimilivu huo kabla intaneti haijafika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kilipata barua pepe kwa Fidonet, kupitia GreenNet ya London: modemu zinapigiana simu, zinabadilishana mafurushi ya barua, simu inakatwa. Mwaka 1993 ilirushwa setilaiti ndogo ya HealthSat-2, iliyobeba barua za madaktari na kuzishusha kila ilipopita juu ya kituo. Saa nyingi za siku hapakuwa na mawasiliano yoyote, na barua zilifika.

Mlango unahitajika nje kwa sababu kampuni za simu huwafungia wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja, kwa hiyo hakuna seva ya nje inayoweza kuanzisha mazungumzo na kompyuta iliyoko Gudele. Seva ya kukodi, Nairobi au Ulaya, ina anwani yake ya kudumu. Inafanya kazi ya sanduku la posta mjini kwa mtu anayeishi mbali na posta. Ofisi ndiyo inayofungua njia kutoka ndani, na programu kama WireGuard huendelea na kazi hata fundi akibadilisha laini ya kampuni moja kwa ya nyingine. Barua taka zichujwe huko nje, kabla hazijala bando. Mlango huo uwe pia na orodha ya majina halali ya ofisi, la sivyo utapokea barua za watu wasiokuwepo na kuanza kuwarudishia wasiohusika.

Mitambo mingi huharibikia kwenye saa. Postfix, programu ya seva ya barua, ikishindwa kutuma hujaribu tena baada ya dakika tano, kisha hurefusha subira hadi sekunde 4,000, yaani zaidi ya saa moja. Laini ikirudi kwa dakika arobaini na kukatika tena, foleni inaweza kuikosa nafasi yote hiyo ikiwa imelala, na wafanyakazi watalaumu intaneti ilhali kosa ni la subira. Dawa ni kuifanya ruta iamshe foleni kila laini inaporudi, na kutumia amri ya ETRN, iliyowekwa rasmi 1996, ambayo kwayo ofisi huiambia seva ya nje: nimerudi, leta vyangu. Huko nje muda wa kutunza barua uongezwe hadi wiki mbili, na mtumaji apate taarifa ya ucheleweshaji baada ya siku moja, asije akadhani imeshasomwa.

Viambatisho ndivyo adui mkubwa. Faili la MB 10 likifungwa kwa ajili ya barua hunenepa kwa zaidi ya theluthi. Kwa kasi ya kilobiti 256 kwa sekunde litachukua dakika saba, na likikatika dakika ya sita SMTP huanza upya tangu mwanzo. Kwa hiyo weka kikomo cha MB 5, na makubwa zaidi yapite kwa rsync, programu ya kuhamisha mafaili ambayo inaweza kuendelea palipoishia.

Watasema: kwa nini tusitumie tu Gmail? Kwa ofisi ya watu wanne wasio na fundi, nakubali, itumieni. Lakini ripoti ya MB 5 ikitumwa kwa wenzako wanane waliokaa jengo moja, Gmail huipandisha mara moja na kuishusha mara nane: MB 45 za bando kwa karatasi ambayo haikuhitaji kutoka chumbani. Kwa seva ya ndani hakuna hata moja inayopita hewani, na barua za zamani zinasomeka intaneti ikiwa imekufa siku nzima. Umeme pia haukwamishi jambo: kompyuta ndogo ya wati 15 hukaa saa 40 kwa nusu ya betri ya Ah 100.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la utumaji. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti ya uthibitisho wa mtumaji, na anwani mpya ya seva ya kukodi inaweza kuwa na sifa mbaya iliyorithiwa. Hapo sioni aibu yoyote kulipia huduma ya kusukuma barua zinazotoka, huku zinazoingia zikibaki kwenye mlango wenu.

Mtakaoanza, anzeni na kikoa. Kisajiliwe kwa jina la ofisi wala si la fundi, nenosiri lake liandikwe na kufungiwa kabatini pamoja na hati za ofisi, na nakala ya barua zote itolewe kila wiki kwenye diski inayolala nje ya jengo.