Bukoba 2022: Mitungi ya Hewa Ilipopungua

Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 ilitumbukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba wakati wa hali mbaya ya hewa. Ilibeba watu 43, na 19 kati yao walifariki. Sisi wa Karagwe na Kyerwa tukitaka kuruka kwenda Dar es Salaam hushuka milima hadi uwanja huohuo, kwa hiyo namna uokoaji ulivyofanyika inatugusa.

Walionusurika waliokolewa na wavuvi, na pia na mkao wa ndege. Pua ilizama, mkia ukabaki juu, na mlango wa abiria wa ATR uko nyuma. Wavuvi, akiwamo kijana Majaliwa Jackson, waliwahi na mitumbwi yao wakawapokea watu hapo.

Mbele kulikuwa na kazi nyingine kabisa. Chumba cha marubani kilikuwa majini. Kila mita ya kina huongeza shinikizo la takriban tani moja kwa mita ya mraba, hivyo dirisha lililozama, huku ndani kukiwa bado na hewa, halifunguki kwa nguvu za mkono. Zinatakiwa zana, na mtu anayeweza kukaa chini ya maji kwa dakika kadhaa. Majaliwa alikuwa na pumzi zake tu. Alijaribu kuwafikia marubani hadi kamba iliyokuwa ikitumika ikakatika ikamjeruhi, akazimia.

Ripoti ya awali ya uchunguzi ilieleza kuwa boti ya polisi wanamaji, iliyokuwa kwenye kazi nyingine, ilifika saa 7 mchana, ikiwa na upungufu wa mafuta, na mitungi ya wazamiaji haikuwa na hewa ya kutosha. Tupige hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 hubeba lita 2,400 za hewa. Mzamiaji anayefanya kazi nzito, akivuta lita 30 kwa dakika, angeumaliza kwa dakika 80 akiwa juu. Mita 10 chini, shinikizo likiwa maradufu, ni dakika 40. Ukiwa robo, ni 10 tu, bila akiba ya kurudi juu. Kuujaza kunahitaji kompresa. Vituo vinavyowapeleka watalii kuzamia kwenye kuta za matumbawe za Pemba haviwezi kufanya kazi bila hewa ya kujazia. Mji wenye uwanja wa ndege ukingoni mwa ziwa unaihitaji zaidi.

Majaliwa aliajiriwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na alistahili. Waheshimiwa wabunge na madiwani wa Kagera, tuulizieni: leo hii, mitungi ya Bukoba imejaa?