Kaseti za Taarabu na Gharama ya Faili Ndogo

Hoja kwamba MP3 yatosha kuhifadhia kaseti za taarabu za Mombasa imepimwa kwa sikio la mpenzi wa muziki. La mwanaisimu halikuulizwa. Katika Kimvita, mpumuo ndio unaotenganisha paa la nyumba na paa wa mwituni, na tofauti hiyo imo katika mlipuko mfupi midomo inapoachana. MP3 hutupa sauti inazokadiria kuwa sikio halitazinasa, na faili ikibanwa sana, kelele hutapakaa kandokando ya milipuko kama hiyo. Kilichotupwa hakirudi, hata faili ikigeuzwa baadaye kuwa WAV.

Kisingizio cha nafasi kimechakaa. Kaseti ya dakika 60, ikinakiliwa kwa stereo katika sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, huchukua takriban gigabaiti moja. FLAC huipunguza bila kupoteza chochote. MP3 ibaki nakala ya kusikilizia.

Kinachopuuzwa zaidi hutangulia kompyuta. Kichwa cha redio-kaseti kilichopinda hufifisha s na sh, na hakuna umbizo litakaloziokoa. Programu za kusafisha kelele za mkanda (ile shhh inayosikika nyuma ya fidla) nazo hugusa vikwamizo hivyo hivyo. Zitumike kwenye nakala, si kwenye faili mama. Hata hivyo, miongozo inayojadili umbizo kwa kurasa nzima hukipa kichwa hicho sentensi moja, ikikikumbuka.