Illmatic katika Santuri: Pande Mbili za Diwani Moja

Albamu ya kwanza ya Nasir Jones, ajulikanaye zaidi kwa jina la Nas, ilitolewa na kampuni ya Columbia mnamo Aprili 1994, msanii mwenyewe akiwa na umri wa miaka 20. Illmatic ina vipande 10 tu, na vyote kwa jumla havizidi dakika 40. Tangu hapo imetolewa upya katika santuri zaidi ya mara moja, na wapo wanaoyaona matoleo hayo kuwa ni biashara ya kuwauzia watu ujana wao. Shutuma hiyo haikosi ukweli. Lakini inasahau jambo la kifani: kazi hii ilipangwa kwa pande mbili, na msikilizaji wa sidii hazipati pande hizo.

Upande wa kwanza umepewa jina la "40th Side North", na wa pili "41st Side South", kwa kufuata mgawanyiko wa kaskazini na kusini wa Queensbridge, mtaa wa nyumba za umma jijini New York alikokulia msanii. Upande wa kwanza hukoma kwa wimbo wa tano, "Halftime". Neno hili ni la viwanjani. Ni mapumziko baina ya vipindi viwili vya mchezo. Yafaa ikumbukwe kwamba wimbo huo ulikwisha kutoka mwaka 1992, pamoja na muziki wa filamu ya Zebrahead. Kwa hiyo mahali ulipo hapakutokana na mfuatano wa kutungwa. Ni uamuzi wa mpangaji, na ni vigumu kuamini kwamba ni wa bahati nasibu. Katika santuri, wimbo ukiisha, msikilizaji hana budi kuinuka na kuigeuza sahani. Kimya hicho ni sehemu ya muundo, mfano wa kituo katika ubeti. Katika sidii wimbo wa sita hudakia papo hapo, na jina "Halftime" hubaki tambo tupu. (Santuri nayo ina ila yake: mifuo iliyo karibu na kitovu hupunguza usafi wa sauti, na hapo ndipo wimbo huu ulipoangukia.)

Baada ya kugeuza, "Memory Lane" huanza kwa kumbukumbu, na mara hufuata "One Love", ambao kwa hakika ndio kilele cha fani ya barua katika kazi hii. Msemaji anawaandikia rafiki zake walioko gerezani. Anampasha mmoja habari kwamba amepata mtoto wa kiume. Msomaji wa Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla amezoea sauti ya mfungwa ikitoka ndani kuwaendea walio nje. Hapa aandikaye yuko nje, na majibu hayasikiki kamwe. Ubeti wa mwisho unaiacha barua na kumgeukia kijana mdogo wa mtaani, ambaye huenda kesho akawa ndiye wa kuandikiwa. Chini ya maneno hayo yote mnasikika ala ya vidole ya jamii ya mbira, iliyochotwa katika santuri ya Heath Brothers ya miaka ya 1970. Vivyo hivyo Pete Rock alichota kinanda cha Ahmad Jamal kwa ajili ya "The World Is Yours". Muziki huu, basi, ulizaliwa katika santuri kabla haujarudishwa humo.

Toleo la mwaka 2014, Illmatic XX, liliongeza rekodi za majaribio, ufokaji wa redioni na nyimbo zilizotayarishwa upya. Mtafiti atazifurahia kama afurahiavyo miswada ya mshairi. Ni heri ziliwekwa katika sahani ya pili. Zingalifuatishwa moja kwa moja baada ya wimbo wa kumi, ufupi wa kazi, ambao ndio nguvu yake, ungalipotea.

Jalada nalo limenufaika. Uso wa Nas akiwa mtoto umewekwa juu ya picha ya mtaa wake, na kwa upana wa inchi 12 madirisha ya nyumba yanaonekana yakipita katika paji la uso wake.