Ukumbi, Hadhira na Mtahini: Tamthilia ya Kiswahili katika Bwalo la Shule

Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya umezoea kuanzia kwenye matini na kukomea papo hapo. Dhamira huchambuliwa, wahusika huainishwa, tamathali huorodheshwa; suala la mahali ambapo mchezo huonekana, na unaonwa na nani, huachiwa waigizaji. Makala haya yanashikilia kwamba suala hilo ni la kihakiki, kwa kuwa ukumbi huiunda hadhira kabla mwigizaji hajafungua kinywa.

Jumba la kitaifa la maigizo jijini Nairobi lilifunguliwa mwaka 1952, enzi za ukoloni, na kwa muda mrefu Kiingereza ndicho kilichotawala jukwaa lake. Lilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2015. Hata hivyo, anayeitafuta hadhira kubwa ya tamthilia ya Kiswahili ataipata kwingineko: katika bwalo la shule ya sekondari, meza zikiwa zimesukumwa ukutani, ambamo vikundi vya waigizaji huzuru kuigiza kitabu teule. Wasomi wengi huyadharau maonyesho haya. Dharau hiyo, kwa maoni yetu, haina msingi. Pasipo bwalo, tamthilia nyingi za Kiswahili zisingepata jukwaa kabisa.

Lakini hadhira hii huja na nini? Huja na kitabu mkononi. Swali la kawaida la mtihani humtaka mtahiniwa aeleze muktadha wa dondoo kwa alama 4: msemaji, msemewa, mahali na sababu. Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo hutazama mchezo kama anayekagua hesabu. Mwigizaji akiruka sentensi, minong'ono huzuka. Akibuni kitendo kisichomo kitabuni, huonekana amekosea. Vikundi navyo vinalijua soko lao, hivyo hukariri maneno na kuuacha ubunifu nje ya lango la shule.

Huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, mambo yalikuwa kinyume. Wanakijiji walijenga wenyewe ukumbi usio na paa, wakahudhuria mazoezi ya Ngaahika Ndeenda, wakaikosoa lugha na historia iliyomo. Hadhira ilikwisha kuwa mhakiki kabla ya onyesho la kwanza. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo mwezi Novemba mwaka uo huo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Serikali iliielewa nguvu ya ukumbi kuliko wahakiki wengi. (Kundi la maigizo la kusafiri la Chuo Kikuu cha Nairobi, lililoanza mwaka 1974, nalo lilikuwa limeonyesha kwamba jukwaa linaweza kuwafuata watu.)

Tuchukue Kigogo ya Pauline Kea, iliyowahi kutahiniwa katika KCSE. Mchezo unaanzia katika karakana ya wachonga vinyago, katika soko la Chapakazi ambalo Majoka amelifunga. Sudi, mchongaji, anakataa kazi ya kuitukuza serikali. Hivyo tamthilia yenyewe inazungumzia sanaa, mahali pake na mnunuzi wake. Mwishoni wananchi wanakusanyika sokoni. Mwelekezi mwenye maono angetambua kwamba umati huo tayari umeketi mbele yake: wanafunzi mia kadhaa, sare mwilini, wanaoweza kuitwa wasimame wawe wanasagamoyo. Lakini umati mara nyingi huwakilishwa na waigizaji watatu wanaopiga kelele nyuma ya pazia, na wanafunzi huendelea kuandika.

Mtu atasema kwamba mtihani ndio unaolipa nauli ya waigizaji. Ni kweli. Ila hakuna kinachozuia karatasi iyo hiyo kumwuliza mtahiniwa angemweka Sudi upande gani wa jukwaa Majoka anapoingia, na kwa nini. Swali kama hilo halijibiwi kwa kukariri, na mwalimu wa kulifundisha lazima awe amewahi kusimama jukwaani. Walimu hao hutoka katika idara zetu, ambamo wengi huhitimu wakiwa wamesoma tamthilia nyingi bila kutakiwa kuigiza hata moja.